SWR Imeshuka Yenyewe? Kutafuta Hitilafu Kati ya Redio na Antena Mombasa

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa akiona SWR (namba inayoonyesha nguvu ngapi inarudi badala ya kuingia kwenye antena) imepanda hadi 3, usingizi humruka. Akiona imeshuka hadi 1.1, hufurahi na kuendelea na shughuli zake. Hapa Pwani ni heri tuyageuze hayo mawili. SWR iliyopanda ina sababu ambayo mara nyingi hupatikana ukitulia nayo alasiri moja. Lakini SWR iliyokuwa 1.8 mwaka jana na leo inasoma 1.2, ilhali hakuna mtu aliyeigusa antena, hiyo ni habari mbaya. Kebo imeanza kula nguvu zako, na mita inakupongeza.

Nitakwenda dalili kwa dalili. Ninamfikiria mtu mwenye transiva (redio ya kurusha na kupokea) ya wati 100 ya mawimbi mafupi, au redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu, kama megahezi 145) iliyounganishwa na antena ya paani, awe kisiwani, Nyali, Likoni au Changamwe.

Kwanza tuelewane mita inapima nini. Kebo ya omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikikutana na antena ya omu 50, nguvu yote huingia kwenye antena. Ikikutana na antena ya omu 150, au ya omu 17, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka. Simama kando ya kuta za Fort Jesus maji yakiwa yamejaa: wimbi linalokuja hukutana na lile lililogonga ukuta likarudi, na mahali pengine maji huinuka sana, pengine hutulia. Ndani ya kebo hutokea vivyo hivyo, na SWR ni uwiano wa kilele na bonde la mkutano huo. SWR ya 1.5 maana yake ni kwamba asilimia 4 ya nguvu inarudi. SWR ya 2 ni asilimia 11, na ya 3 ni asilimia 25. Kwa hiyo 1.5 si ugonjwa, na anayepanda paa kila Jumapili kuifukuza iwe 1.1 anajichosha bure. Transiva nyingi za kisasa huanza kujipunguzia nguvu SWR ikivuka 2 au karibu na hapo. Chini ya hapo, redio yenyewe haina shida.

Mita ya mezani inapima kile tu kinachorudi hadi mezani. Nguvu hupungua ikipanda kwenda kwenye antena, na ile inayorudi hupungua tena njiani. Kebo ikiwa mbovu mno, hakuna kinachofika chini, na mita husoma vizuri. Ukilishika hilo, nusu ya mafumbo yanayowasumbua waendeshaji wa hapa utayafumbua ukiwa umekaa kitini.

Kabla ya kupanda paani

Uwe na mzigo wa majaribio wa omu 50, yaani kile kizuizi kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani. Uwe na multimita ya kawaida. Ukiweza, pata pia kipima antena kidogo kama NanoVNA. Kifaa hicho kimebadilisha kabisa kazi hii, maana kinapima bila kurusha nguvu ya kuumiza redio.

Funga mzigo nyuma ya redio moja kwa moja, bila kebo ya antena. SWR iwe karibu 1.0 na wati zitoke zote. Zisipotoka, iache antena kwanza. Transiva ya wati 100 hunywa takriban ampea 20 kwa volti 13.8. Nyaya za umeme zikiwa nyembamba au vituo vya betri vikishika kutu, volti huanguka unapobonyeza kitufe cha kusema, na redio hujipunguzia nguvu kana kwamba antena ndiyo mbovu. Ile kebo fupi kati ya redio na mita nayo isisahaulike. Inakunjwa na kuchomolewa kila mara, na hufa mapema kuliko ndugu zake.

Ukijipima kwa kurusha, tumia nguvu ndogo, sikiliza kwanza kama masafa yako wazi, na utaje ishara yako ya utambulisho, ile inayoanza na 5Z4. Usimwache mtu aguse antena wala kebo iliyofunuliwa wakati unarusha. Na kabla hujainua nguzo yoyote, tazama nyaya za umeme za mtaani zimepita wapi. Nguzo ikianguka upande wowote isiweze kuzifikia. Hilo halina mjadala.

Dalili: SWR ni nzuri, lakini husikiki

Hii ndiyo hitilafu kuu ya Pwani, na nitakaa nayo.

Kijana mmoja wa Tudor aliniletea shida yake: "Mzee, Nairobi wananiambia nimefifia, hata mchana kwenye bendi ya mita 40. Lakini mita inasoma 1.2. Nibadilishe antena?"

Nikamwambia, "La, mwanangu. Panda juu, ichomoe kebo kwenye antena uiache wazi, kisha upime chini kwa NanoVNA, uje unisomee."

Akarudi: "Inasoma 1.5, mzee. Na hakuna kitu kilichofungwa!"

Kebo iliyoachwa wazi upande wa juu inatakiwa kurudisha nguvu yote, kwa hiyo SWR yake mezani iwe kubwa sana. Mita 30 za RG-58 nzima (kebo nyembamba ya omu 50), kwenye megahezi 7, hupoteza takriban desibeli 1 tu (kila desibeli 3 za upotevu ni nusu ya nguvu), na ukiiacha wazi juu utasoma karibu 8 chini. Yeye alisoma 1.5, yaani kebo ilikuwa inapoteza desibeli 7 kwa safari moja. Katika wati 100 zilizotoka kwenye redio, 20 tu ndizo zilizofika juu. Na antena yake haikuwa na 1.2 hata kidogo. Ilikuwa karibu 2.7, ila kebo iliuficha ukweli.

Kipimo hiki ni cha bure, na ningependa kila mwendeshaji wa Pwani akifanye kila mwaka masika yakishapita. Iache kebo wazi juu, pima chini. Ukisoma 10, upotevu ni chini ya desibeli 1. Ukisoma 5, ni karibu desibeli 1.8. Ukisoma 3, ni desibeli 3, na nusu ya nguvu imepotea. Ukisoma 2, ni karibu 5. Kifanye kwa NanoVNA au kipima antena kingine, si kwa transiva: kurusha wati 100 kwenye kebo isiyofungwa kitu ni kuhatarisha transista za mwisho za redio.

Kuna mtego hapa. Wengi hupeleka mzigo wa omu 50 juu, wakaufunga mwisho wa kebo, wakasoma 1.0 chini, wakatangaza kuwa kebo ni nzima. Kebo iliyooza nayo itasoma 1.0. Ukitumia njia ya mzigo, pima wati pande zote mbili, mezani na juu, kisha ulinganishe.

Sasa kwa nini kebo za hapa zinaoza? Upepo wa kusi ukishika, hutoka baharini na kuleta chumvi hadi kwenye paa ambazo hata hazioni maji. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo kiungo hakikauki vizuri hata jua linapowaka. Plagi ya PL-259, ile ya kawaida ya kufungia kebo kwenye redio na antena, haikutengenezwa kuzuia maji. Tone likiingia, wavu wa shaba unaouzunguka waya wa kati hulivuta ndani yake na kulipandisha mita kadhaa chini ya ganda, bila dalili yoyote kwa nje. Shaba huwa nyeusi, kisha kijani. Kila uzi wa wavu ukishika kutu, mkondo unalazimika kuruka kutoka uzi hadi uzi kupitia uchafu, na hapo ndipo nguvu inapogeuka joto.

Kata sentimita chache karibu na plagi, menya ganda, tazama wavu. Uking'aa, shukuru. Ukiwa mweusi, kata tena nusu mita, na tena. Weusi ukiendelea baada ya mita mbili au tatu, usijitese kuikausha kebo hiyo. Haitarudi. Nunua nyingine, na ile ya zamani uitumie kwa kazi isiyo ya redio.

Kebo mpya isilale bila kinga. Paka grisi kidogo ya silikoni kwenye nyuzi za plagi. Zungushia utepe mweusi wa kawaida safu moja, ili siku ukifungua kusiwe na gundi inayong'ang'ania. Juu yake vuta utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uuvute hadi unyumbuke, kila mzunguko ukifunika nusu ya mzunguko uliotangulia, ukianzia chini kwenda juu kama mafundi wanavyopanga makuti. Malizia kwa utepe mweusi tena, maana jua la hapa hula ule mpira. Kebo ishuke chini kwanza kabla ya kuingia dirishani, iwe na tumbo la kudondoshea maji. Kisanduku cha baluni (kifaa kinachounganisha kebo na antena) kitobolewe tundu dogo upande wa chini. Kisanduku kilichozibwa kabisa hunasa mvuke wa usiku ndani yake, na asubuhi utakuta maji ambayo mvua haikuyaleta. Bolti ziwe za stenlesi.

Na usitumie ile silikoni ya vioo inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati inakauka, na inakula shaba. Nimeona viungo vilivyozibwa kwa ustadi mkubwa vikiwa kijani kitupu ndani kwa sababu hiyo moja. Ikiwa ni lazima silikoni, tafuta isiyo na harufu ya siki.

Dalili hiyohiyo kwenye VHF, kebo ikiwa mpya

Hapa hakuna kilichoharibika. Kebo tu ndiyo iliyochaguliwa vibaya. Mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 145 hupoteza takriban desibeli 6 zikiwa mpya kabisa. Redio ya mkononi ya wati 5 itafikisha wati moja na robo kwenye antena. Ukiing'oa antena kabisa, mita itaendelea kusoma karibu 1.7 na wewe utaendelea kuita ukidhani yote sawa. Wakazi wa ghorofa za Kizingo na Nyali wanaopandisha kebo kutoka ghorofa ya pili hadi paani, hili linawahusu moja kwa moja. RG-213 kwa urefu huohuo hupoteza chini ya desibeli 3. Ni nene, nzito na ghali zaidi. Inunue hata hivyo, au uisogeze redio karibu na antena.

Dalili: antena wima, SWR 1.0 safi, na hakuna anayejibu

Antena ya wima ya robo wimbi juu ya ardhi bora ina takriban omu 36, kwa hiyo SWR yake halali ni karibu 1.4. Ukipigilia fito moja kwenye ardhi yetu ya matumbawe na kupata 1.0, jiulize zile omu 14 zilizoongezeka zimetoka wapi. Zimetoka ardhini. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, maji hupita hayakai, na fito moja haipati mguso wa maana. Kati ya kila wati 100, wati 28 zinaupasha mwamba joto.

Laza nyaya juu ya ardhi kuzunguka shina la antena, 16 au zaidi, kila moja robo wimbi au hata fupi kidogo kama kiwanja hakitoshi. Si lazima zizikwe. Unapoziongeza, SWR itapanda kuelekea 1.4, na ripoti za wanaokusikia zitapanda pamoja nayo. Wapo wanaong'oa nyaya hizo baada ya kuona mita imepanda. Tafadhali usizing'oe.

Dalili: SWR iko juu kwenye masafa yote

Hapa multimita inatosha. Chomoa kebo pande zote mbili. Kati ya waya wa kati na wavu pasiwe na njia yoyote. Kisha unganisha waya wa kati na wavu upande mmoja, upime upande wa pili: isome karibu na sifuri. Ikigoma, kuna mkato. Ikisoma shoti bila kuunganishwa, mara tisa kati ya kumi uzi mmoja wa wavu umegusa pini ndani ya plagi, au mwenye kulehemu alizidisha moto na kihami cha plastiki kikayeyuka hadi waya wa kati ukasogea. RG-58 ni nyembamba kuliko tundu la PL-259, inahitaji kipunguzo chake. Bila hicho plagi hucheza na wavu hukatika.

Unapopima antena yenyewe, kumbuka kuwa transfoma za 4:1 na 49:1, zile za kubadilisha omu za antena, husoma shoti kwa multimita, na hiyo si hitilafu. Antena ya nusu wimbi iliyofungwa koili ya kebo tu inatakiwa isome wazi.

NanoVNA inaweza pia kukuonyesha umbali wa hitilafu. Mwambie kasi ya kebo ni 0.66 ya kasi ya mwanga kwa RG-58 na RG-213, la sivyo atakutuma ukachimbe mahali pasipo.

Dalili: SWR ni nzuri, ila si pale unapotaka

Hii ni kazi ya mkasi, na ndiyo rahisi kuliko zote. Urefu wa antena ya nusu wimbi kwa mita ni 143 gawanya kwa megahezi. Kwa 7.1 unapata mita 20.1. Tuseme umeitundika na SWR ya chini kabisa ukaikuta 6.9. Antena ni ndefu. Zidisha 20.1 kwa 6.9, gawanya kwa 7.1, unapata karibu 19.5, yaani uondoe takriban sentimita 28 kila upande. Usikate bado. Kunja ncha uirudishe juu ya waya wenyewe, uifunge, upime tena. Waya wenye ganda la plastiki hushusha masafa kidogo, na hali kadhalika ukaribu wa paa.

Juu ya mabati kuna jambo la ziada. Antena iliyolazwa nusu mita juu ya mabati ina omu chache sana, na bendi yake ni finyu mno hata ikipatikana. Hakuna kipimo cha mkasi kitakachotibu hilo. Inua. Boriti ya mkoko iliyonyooka itakupa mita nne au tano kwa bei ndogo kuliko bomba la chuma, na haishiki kutu. Katikati ikiwa juu na ncha zikishuka pande mbili, impidansi, yaani omu za antena, huelekea karibu na 50 na kebo hufurahi.

Dalili: SWR inabadilika ukiongeza kebo, au ukiishika kwa mkono

Kebo ya omu 50 ikiwa nzima, urefu wake haubadilishi SWR, isipokuwa kuishusha kidogo kwa sababu ya upotevu. Ukiongeza mita mbili na SWR ikaruka kutoka 1.2 hadi 2, kuna mambo mawili ya kushuku.

La kwanza, kebo si ya omu 50. Mombasa nzima imejaa kebo ya dishi, RG-6, ambayo ni ya omu 75. Hakuna ubaya kuitumia. Upotevu wake ni mdogo kuliko wa RG-58. Lakini lazima ujue inavyotenda. Antena ya omu 50 ikilishwa kwa RG-6, redio itaona omu 50 kebo ikiwa na urefu wa nusu wimbi au mara zake, na itaona karibu omu 112 urefu ukiwa robo wimbi: SWR 2.25. Kata basi kwa urefu wa nusu wimbi. RG-6 ya povu ina kasi ya takriban 0.82, kwa hiyo nusu wimbi kwenye 7.1 ni mita 17.3. Na kwa kuwa 14.2 ni mara mbili ya 7.1, mita hizohizo 17.3 zinafaa pia bendi ya mita 20. Ukihitaji zaidi, ruka hadi 34.6.

Ile robo wimbi nayo ina matumizi yake. Antena ya kitanzi cha wimbi zima ina omu 100 hadi 120. Kipande cha mita 4.3 cha RG-6 ya povu kwenye 14.2, kikifuatwa na kebo ya omu 50 hadi mezani, kinaigeuza iwe karibu omu 50. Hakuna transfoma ya bei rahisi kuliko hiyo.

Unaponunua kebo ya dishi, nenda na sumaku. Nyingi zina waya wa kati wa chuma uliopakwa shaba kidogo. Kwenye masafa ya dishi haidhuru, mkondo hupita kwenye ngozi ya shaba peke yake. Kwenye bendi za chini za mawimbi mafupi mkondo huzama hadi kwenye chuma, na upotevu huongezeka. Ikivutwa na sumaku, iache kwa mita 80 na 40. Wavu wake mara nyingi ni wa alumini, haushiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo tumia vichwa vyake vya kukaza na viunganishi vya kugeuza kwenda PL-259.

Jambo la pili la kushuku ni mkondo unaotembea nje ya wavu. Hapo kebo yenyewe imekuwa sehemu ya antena. Utaijua: SWR inabadilika ukiishika kebo, maikrofoni inakuuma mdomo, taa za LED zinawaka unapozungumza, spika za jirani zinasema maneno yako. Antena za kulishwa kwenye ncha, zile za transfoma ya 49:1, ndizo zenye tabia hii zaidi, kwa sababu mkondo lazima upate pa kurudia na kebo iko karibu.

Dawa ni kuuziba mkondo huo. Pitisha kebo nyembamba mizunguko 10 hadi 14 ndani ya pete ya feraiti ya FT240-31 au FT240-43, mahali kebo inapofungwa kwenye antena. Kwa antena ya ncha, acha mita kadhaa za kebo kabla ya pete, kwani kipande hicho ndicho kitakachokuwa njia ya kurudia. Ukikosa pete, zungusha kebo mizunguko saba au nane yenye upana wa sentimita 20 hivi. Inasaidia kwenye bendi za juu, ila kwenye mita 40 ni dhaifu.

Pete hiyohiyo hutibu dalili nyingine ambayo watu hawaihusishi na kebo kabisa: kelele. Chaja za simu, inveta za sola na taa za bei rahisi hupuliza uchafu wa redio ndani ya nyumba, na nje ya wavu wa kebo ni barabara iliyo wazi ya kuufikisha kwenye redio. Peleka mzigo wa omu 50 juu, ufunge badala ya antena, usikilize. Redio inatakiwa inyamaze. Kelele ikibaki, haiji kutoka angani. Inaingia kupitia kebo, na kuinua antena hakutakusaidia.

Dalili: tyuna inakubali, SWR 1.0, lakini ishara hafifu

Tyuna (kifaa cha kulinganisha redio na kebo) iliyo ndani ya redio humridhisha mwenye redio. Kebo hubaki na SWR yake ileile. Chukua mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 14, na antena yenye SWR ya 10. Mezani utasoma karibu 3.6, maana upotevu umeficha sehemu, na tyuna ikijitahidi inaweza kukuletea 1.0. Lakini jumla ya upotevu ndani ya kebo hiyo imefika karibu desibeli 4.7. Theluthi moja tu ya nguvu ndiyo inayoingia kwenye antena. Tyuna za ndani kwa kawaida zimetengenezwa kwa SWR isiyozidi 3, na zitumike kwa kazi hiyo: kusogea kingo za bendi.

Anayetaka antena moja kwa bendi nyingi, bora aweke tyuna juu kwenye antena yenyewe, au alishe kwa laini ya ngazi ya omu 450 hadi kwenye tyuna nje ya dirisha. Laini hiyo hupoteza kidogo hata SWR ikiwa kubwa. Ila isiguse ukuta wala chuma, na ujue kwamba ikilowa au ikishika chumvi vipimo vyake husogea. Ioshe kwa maji matamu msimu wa kusi.

Dalili: mshale unarukaruka upepo ukivuma

Kitu kinagusa na kuachia. Mtu mmoja ashike kipima, mwingine atikise: kwanza plagi, kisha kebo, kisha antena, kimoja kimoja. Mara nyingi ni pale waya wa antena unapofungwa kwenye kitovu. Shaba imekunjwa na upepo hadi ikakatika ndani ya ganda. Funga waya kwenye kitovu kwa fundo linalobeba uzito, na kipande kinachopeleka umeme kibaki kimelegea. Ikiwa huruka hata upepo ukitulia, hasa saa za jua kali, tazama misumari na maungio ya mabati yaliyoshika kutu karibu na antena. Kutu kati ya vyuma viwili hupitisha mkondo upande mmoja zaidi ya mwingine, na huzaa masafa ambayo hukuyarusha, hadi kwenye televisheni za majirani. Unganisha mabati hayo kwa waya uliokazwa vizuri, au uisogeze antena mbali nayo.